Mwalimu Mmoja, Mwanafunzi Mmoja: Kujifunza Kihispania Xela

Katika mji wa Quetzaltenango, kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Guatemala, dola zisizofika 250 zilinilipia wiki nzima ya mwalimu wa Kihispania aliyekaa nami peke yangu kwa muda wa saa tano kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na chumba katika nyumba ya familia na milo mitatu kwenye meza yao. Kabla ya kufunga safari nilikuwa nimeulizia bei za Madrid, za Barcelona na za madarasa ya jioni hapa Houston ninakoishi. Kwa fedha nilizokuwa nazo, huko kote ningepata mwalimu wa darasa zima tu. Darasa likiwa na wanafunzi kumi na wawili kwa saa mbili, kila mmoja atafungua kinywa dakika kumi, na hizo dakika kumi ndizo anazozilipia.

Kazi yangu ni ya kliniki. Napima presha na uzito, nauliza maswali ya mwanzo, naandika maelezo kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Wengi wanaoketi mbele yangu wametoka Honduras, El Salvador, Mexico na Guatemala yenyewe. Mkalimani wa simu tunaye, na kwa habari za dawa, upasuaji na majibu ya vipimo ndiye anayetakiwa kusikika, si mimi. Lakini kabla simu haijaunganishwa kuna mtu ameketi anatazama sakafu. Kwetu Tanzania mtu huyo husalimiwa, hupewa pole, huulizwa ameamkaje na watoto aliowaacha nyumbani hawajambo, ndipo ugonjwa uanze kutajwa. Nilichoka kumpokea mgonjwa kwa ishara za mikono. Hilo ndilo lililoniondoa Houston na likizo fupi na akiba ndogo.

Wanaokwenda Guatemala kusoma Kihispania wengi huishia Antigua, na siwalaumu. Ule ndio uliokuwa mji mkuu enzi za Wahispania, hadi matetemeko ya mwaka 1773 yalipoubomoa na serikali ikahamia lilipo Jiji la Guatemala la leo. Makanisa yaliyoporomoka bado yamesimama nusu nusu kati ya nyumba za rangi, milima ya volkano imeuzunguka mji, na tangu 1979 Antigua imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Uzuri huo ndio unaomharibia mwanafunzi masomo. Wageni ni wengi mno, na mhudumu wa mgahawa akikuona unatafuta kitenzi anakujibu kwa Kiingereza ili kukurahisishia. Mtu anayetaka lugha iingie haraka asitafute mahali pa kurahisishiwa. Nilichagua Quetzaltenango, ambao wenyeji wote wanauita Xela. Hutamkwa Shela, na msomaji wa Lamu atajiona yuko nyumbani.

Ndege kutoka Houston hadi uwanja wa La Aurora, Jiji la Guatemala, huchukua kama saa tatu. Kutoka hapo hadi Xela ni kilomita zinazokaribia 200, lakini basi hutumia saa nne hadi tano kwa sababu barabara kuu ya Interamericana inapanda milima, inashuka, inapanda tena. Unapita Chimaltenango kwenye foleni ndefu, unapita Los Encuentros kwenye ukungu, kisha unafika Cuatro Caminos, njia panda ambako makonda wa mabasi ya kila upande wanaita majina ya miji yao kwa sauti moja. Mabasi yenyewe ni yale ya manjano yaliyobeba watoto wa shule Marekani, yakauzwa yalipozeeka, yakapakwa rangi nyekundu, kijani na dhahabu na kupewa majina ya wanawake na ya watakatifu. Wenyeji huyaita camioneta. Nauli ni ndogo sana. Kiti kilichotengenezwa kwa watoto wawili hukaliwa na watu wazima watatu, na anayepita katikati huomba radhi kwa kila mmoja. Ukiwa na mzigo mkubwa na unafika kwa mara ya kwanza, panda basi la masafa marefu lenye viti vya namba. Tofauti ya bei si ya kukuumiza.

Xela uko mita 2,330 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una baridi kama ya Makete kwetu Tanzania, na nyumba hazina vipasha joto. Kusini mwa mji umesimama mlima Santa María wenye mita 3,772, uliolipuka Oktoba 1902 kwa mlipuko uliokuwa miongoni mwa mikubwa zaidi ya karne ya ishirini. Ubavuni mwake kimeota kilima kingine, Santiaguito, ambacho kimekuwa kikitoa moshi na majivu tangu 1922. Asubuhi yenye anga safi unauona mlima kutoka barabarani ukienda shule.

Shule niliyosoma ilikuwa nyumba ya zamani yenye ua katikati. Kando ya ua, chini ya paa la veranda, zilipangwa meza ndogo, kila meza na viti viwili, daftari na ubao mdogo wa kuandikia. Masomo yalianza saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na saa nne na nusu watu walisimama kunywa kahawa na kula mkate mtamu. Ukikaa meza ile huna pa kujificha. Hakuna mwenzako atakayejibu kwa niaba yako, hakuna kiti cha nyuma. Mwalimu aliniuliza nilivyolala, nilichokula, nilichokiona njiani, na kila jibu lilizaa swali. Nilipokosea alisubiri nimalize sentensi, akairudia ikiwa sahihi, akaendelea na mazungumzo. Sarufi ilifuata nusu ya pili, ikichukuliwa kutoka kwenye makosa ya nusu ya kwanza. Darasa la kundi haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu makosa ya watu kumi na wawili hayafanani.

Jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote kabla ya kwenda, na ningependa kila msemaji wa Kiswahili alijue, ni kwamba lugha yetu imeshatufikisha mbali sana kwenye njia hii. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Sauti inayoandikwa ñ ni ny ya nyumba. Neno linaloishia kwa irabu hutiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama la Kiswahili, na likikiuka utaratibu huo huwekewa alama ya kukuonya. Wanafunzi kutoka Marekani niliowakuta pale walikuwa wakipigana na irabu hizo kwa bidii kubwa. Mimi nilipewa gazeti siku ya kwanza nikalisoma kwa sauti; maana yake sikuijua, lakini matamshi yalikuwa sawa.

Kisha vikaja vitenzi, ambavyo ndivyo vinavyowakatisha watu tamaa. Mhispania akisema "hablo" amekwisha kumtaja msemaji ndani ya kitenzi, kama sisi tunavyosema "nasema" bila kuongeza "mimi". Wana vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja: "ser" kwa kueleza mtu ni nani na "estar" kwa kueleza yuko wapi. Mtoto yeyote wa Kiswahili anajua kwamba "ni mwalimu" na "yuko shuleni" havijengwi kwa neno moja. Wana wakati uliopita wa aina mbili, "comí" na "comía", na mwalimu alipoanza kunichorea mistari ya kueleza tofauti, nilikuwa nimeshaipata: nilikula, nilikuwa nikila. Hata ile dhamira wanayoiita "subjuntivo", ambayo vitabu huiweka mwisho na wanafunzi huiogopa kwa miezi, tunayo toka utotoni. "Quiero que hable" ni nataka aseme. Katika vitenzi vya kundi la "-ar" hata badiliko la herufi ni lilelile, a ya mwisho inageuka e. Mwalimu wangu, aliyekuwa amefundisha wageni kwa miaka mingi, hakuwa amewahi kumfundisha msemaji wa lugha ya Kibantu. Aliniomba nimwandikie mifano ya Kiswahili ubaoni, akakaa akiitazama, na kuanzia siku hiyo tuliruka kurasa nyingi za kitabu.

Yako magumu. Majina yote ni ya kike au ya kiume, na mara nyingi hakuna sababu ya kukupa. Unashika tu kwamba mkono ni "la mano" na tatizo ni "el problema". Lakini kuvipatanisha vivumishi na nomino hakukunisumbua, kwa kuwa aliyelelewa na ngeli zetu hawezi kutishwa na mbili. Sauti ya j, iliyo karibu na kh ya watu wa pwani, itamtaka wa bara afanye mazoezi. R fupi na rr ndefu zinatofautisha "pero" na "perro", yaani "lakini" na "mbwa", na anayechanganya r na l ana kazi ya ziada. Hayo ndiyo ya kuyatolea jasho. Mengine tumeshayalipia kwa mama zetu.

Nusu ya kozi iko nyumbani. Familia iliyonipokea ilikuwa ya mama mtu mzima, binti yake na wajukuu. Asubuhi tulikula mayai na maharage meusi yaliyosagwa, mchana ndio ulikuwa mlo mkubwa, jioni maharage tena na ndizi za kukaanga. Tortilla hazikukosekana mezani. Mahindi yalitokea sehemu hiyo ya dunia, na wenyeji wanayaheshimu kwa namna inayoonekana: yanachemshwa kwa maji ya chokaa, yanasagwa, yanapigwa viganjani hadi yawe duara, na harufu yake ikianza kutoka kikaangoni watoto wanakuja wenyewe. Alhamisi ni siku ya pache, viazi vilivyopondwa na kuviringishwa na nyama na mchuzi mwekundu ndani ya majani, vikapikwa kwa mvuke. Ukimaliza kula unasema asante kwa wote waliopo, nao wanakujibu "buen provecho", ndipo unaondoka mezani. Mtu akiinuka kimya wanamtazama, na nadhani mama zetu nao wangemtazama vilevile.

Nilikuwa nikifanya mazoezi ya nyumbani jikoni badala ya chumbani, na huo ni ushauri wangu wa kwanza kwa atakayekwenda. Chumbani kuna simu na baridi. Jikoni kuna mtu anayekata vitunguu na anataka kuongea. Mama yule alinifundisha kutumia "usted", umbo la heshima, kwa karibu kila mtu. Vijana wa kiume wakiwa wenyewe huitana "vos", lakini katika nyumba nyingi za milimani hata mzazi humwita mwanawe "usted". Ile "vosotros" ya Hispania haitumiki huko, kwa hiyo una umbo moja pungufu la kukariri. Sokoni, wauzaji waliponiona waliniuliza kama natoka Livingston, mji wa pwani ya Karibi wanakoishi Wagarifuna, watu weusi ambao Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha Saint Vincent mwaka 1797. Nikijibu Tanzania, mazungumzo yalifunguka: iko wapi, mnalima nini, mnakula nini, mlima wenu una theluji kweli? Maswali ya muuza nyanya yalinipa mazoezi kuliko ukurasa wowote.

Wauzaji wengi kati ya hao walikuwa wakiongea Kihispania kwangu na Kik'iche' baina yao. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, pamoja na Kixinka na Kigarifuna, na sheria ya mwaka 2003 inazitambua kuwa lugha za taifa, ingawa ya serikali ni Kihispania. Nilipolielewa hilo niliacha kukiona Kihispania kuwa mali ya watu wote niliokutana nao. Kwa wengi ni lugha waliyojifunza kama mimi, na waliilipia zaidi. Rigoberta Menchú, Mk'iche' aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1992, alijifunza Kihispania akiwa tayari msichana mkubwa, ili aweze kusema yaliyowapata watu wake na asikike nje ya kijiji.

Habari za gharama hiyo zilinijia ndani ya zoezi la wakati uliopita. Mwalimu aliniambia nimsimulie utoto wangu, kisha akanisimulia wake. Alikuwa mtoto katika miaka ya 1980, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikali kabisa milimani. Wazazi wake walikijua Kik'iche' wakaacha kukitumia na watoto, kwa sababu mtoto aliyesikika akikiongea mjini alidharauliwa shuleni, na barabarani angeweza kutiliwa shaka na askari. Vita vile vilidumu miaka 36, kuanzia 1960 hadi mkataba wa amani uliotiwa saini Desemba 29, 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake 1999 ilikadiria kwamba waliouawa au kupotezwa ni zaidi ya watu 200,000, na katika wahanga waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Mwalimu alisema hayo polepole, kwa vitenzi nilivyovijua, ili nisipitwe na neno. Sasa anasoma Kik'iche' jioni, kwenye darasa la watu wazima. Niliporudi kliniki nilikuwa na jambo jipya la kumwuliza mgonjwa wa Guatemala anayejibu kwa neno moja moja: Kihispania ndiyo lugha yake, au nimtafutie mkalimani wa Kik'iche', Kimam au lugha nyingine ya Kimaya?

Kuhusu fedha, niseme waziwazi ninavyoona. Gharama kubwa ni ndege, na baada ya hapo gharama kubwa ni kuhamahama. Anayetaka Antigua wiki hii, ziwa Atitlán wiki ijayo na pwani wiki inayofuata atatumia akiba yake kwenye mabasi na vyumba, na kila mwalimu mpya ataanza naye salamu. Kaa mji mmoja. Omba nyumba isiyo na mwanafunzi mwingine wa kigeni, kwa kuwa mkiwa wawili Kiingereza kitaingia mezani na hakitatoka. Uliza pia familia inapika siku zipi, maana nyumba nyingi hazimpikii mwanafunzi Jumapili. Epuka Juni hadi Agosti ukiweza, wakati wanafunzi wa Amerika ya Kaskazini wako likizo na shule zinajaa; isitoshe ni masika, na mvua hushuka karibu kila alasiri. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni kiangazi, mchana wa jua na usiku wa masweta. Mwisho wa wiki huhitaji kwenda mbali: chemchemi za maji moto za Fuentes Georginas ziko juu ya Zunil, mashamba ya mboga ya Almolonga yako njiani, na kanisa la manjano la San Andrés Xecul, lenye malaika na jagwa waliochongwa ukutani, ni safari ya nusu siku kwa camioneta.

Lakini kuna mahali ambapo haifai kubana. Bei ile ni nafuu kwetu kwa sababu mtu fulani anaishi kwa kipato kidogo. Ziko shule ambazo ni ushirika wa walimu wenyewe, na ziko ambazo mwenye shule huchukua sehemu kubwa na mwalimu akabaki na kidogo. Kabla ya kulipa, uliza: katika fedha hizi, mwalimu anapata kiasi gani, na familia inapata kiasi gani? Shule nzuri hujibu bila kusita. Ikisita, tafuta nyingine, hata kama ni dola 20 zaidi kwa wiki. Usishindane bei na mwalimu. Mtu anayekusikiliza ukigugumia kwa saa tano, siku baada ya siku, bila kuchoka usoni, anafanya kazi ngumu.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, najua hesabu yangu haimfai moja kwa moja. Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Guatemala. Nauli itameza akiba yote, na viza za kupitia nchi za njiani ni kazi nyingine. Hata hivyo, Kihispania si lugha ya mbali nasi kama watu wanavyodhani. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, na ni miongoni mwa lugha za kazi za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili chetu. Kwa hiyo usingoje nauli. Shule nyingi za Xela hufundisha pia kwa video, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, kwa bei ya saa ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuipanga mara moja au mbili kwa wiki. Guatemala iko nyuma ya Dar es Salaam na Mombasa kwa saa tisa, na ya Bujumbura kwa saa nane: saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam ni saa mbili asubuhi huko, walimu wanapoketi kwenye meza zao. Toka kazini, tafuta mahali penye intaneti isiyokatika, mwombe aanze na mazungumzo kabla ya kitabu, na umlipe kwa wakati.